Mgomo wa Amerika Ulivyofika Matrah

Telegramu ilifika Matrah asubuhi, na kabla ya adhuhuri nusu ya soko ilikuwa ishaamini kwamba Amerika imepigwa. Nani kaipiga, hapo ndipo watu walipogawanyika. Wengine walisema Warusi, wengine Wachina, na muuza halua mmoja aliapa kwamba habari hiyo kaisikia redioni kwa masikio yake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1970, joto linaanza kupungua, miezi miwili tu tangu nchi ipate mtawala mpya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nimekaa uani na mama tunachambua mchele, mara ami akaingia mbio, nguo zake zimejaa girisi. Ami alikuwa mdogo wake marehemu baba, fundi makanika, mtu mzito wa mwendo na mzito wa maneno. Tangu tuje Oman sikupata kumwona akikimbia.

"Vaa buibui lako," aliniambia. "Tajiri anakutaka dukani."

"Mimi? Ananitakia nini?"

"Imekuja telegramu kutoka Amerika. Karani kaisoma, kasema kiwanda cha magari kimepigwa. Tajiri kakaa kitako, kahawa imepoa mbele yake. Nimemwambia nna mtoto wa kaka yangu, Kiingereza anakisoma kama alif-be-te. Haya, twende!"

Mama aliweka ungo chini. "Mtoto wa kike aende akakae na wanaume dukani?"

"Shemegi, ntakuwa naye mimi. Asome, nimrejeshe."

Nilikuwa nishavaa kabla hawajamaliza kubishana.

Tulikuja Maskati kwa meli mwaka 1964, baada ya yale yaliyotokea Unguja. Baba alikuwa karani wa forodha. Mimi nilibakisha mwaka mmoja kumaliza skuli, na jioni nilikuwa nikijifunza kupiga taipu. Nilidhani nitaendelea pale nilipoachia. Lakini Maskati ya wakati ule haikuwa na skuli ya watoto wa kike ninayoweza kuingia, wala ofisi yenye haja na mwanamke. Malango ya mji yakifungwa baada ya magharibi, ukitaka kutoka ushike fanusi mkononi. Gari lilitaka ruhusa ya mtawala mwenyewe, na waliopata ruhusa walijulikana mmoja mmoja. Ami, ambaye Unguja alikuwa akishusha injini za mabasi na kuzipandisha, alikaa miaka akitengeneza pampu za visima. Baba alifariki mwaka wetu wa tatu hapa. Kiingereza changu nilikiweka hai kwa kusoma maandishi ya makopo ya maziwa na vipande vya magazeti ya Bombay walivyofungia bizari.

Halafu mambo yakafunguka, yote kwa pamoja. Watu walicheza njiani. Ikasemwa barabara zitajengwa, skuli, hospitali, na kila mwenye uwezo akataka gari, na asiye na uwezo akataka angalau kulipanda. Tajiri wa ami, mfanyabiashara wa tende na nguo mwenye ndevu za hina, alikumbuka kwamba marehemu baba yake alimwachia uwakala wa malori ya kiwanda kimoja kikubwa cha Amerika. Miaka yote haukumfaa kitu. Sasa alikuwa ameagiza malori sita. Mawili yalishateremshwa, manne alikuwa akiyangoja, na yote sita alikuwa keshamwahidi mkandarasi aliyekuwa akipeleka saruji na mabati Hail, kule pwani, kunakojengwa skuli.

Ndiyo maana kahawa ikapoa.

Dukani, karani alinipa ile karatasi kwa ncha za vidole. Alikuwa mzee aliyesomea Bombay, mwenye Kiingereza cha bei na vipimo. Tajiri hakunitazama. Alizungumza na ami kwa Kiarabu, kama kwamba mimi sipo.

"Mwambie asome."

Nilisoma mara moja. Nikasoma mara ya pili. Kisha nikacheka, na wallahi sikukusudia.

"Anacheka nini?"

"Sheikh," nilimjibu mwenyewe, kwa Kiarabu changu ambacho kilikuwa bado kinanuka Unguja, "Amerika haikupigwa. Wafanyakazi wa kiwanda wamegoma."

Neno lile la Kiingereza lina maana mbili, kupiga na kugoma, na karani alikuwa anajua moja tu. Sikumlaumu. Hata kwa Kiarabu maneno haya ni ndugu, dharb na idhrab. Nilipotamka idhrab, tajiri alikunja uso.

"Yaani wamepigana?"

"La, Sheikh. Wameweka vyombo chini. Wamekataa kufanya kazi mpaka wenye kiwanda wakubaliane nao. Kiwanda kimefungwa."

Alimtazama ami, akamtazama karani, kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

"Watu wanaweza kufanya hivyo?"

"Wanaweza. Kwetu Unguja makuli wa bandarini waliwahi kufanya, nikiwa mtoto mdogo. Baba alinihadithia. Mji mzima ulisimama."

"Na malori yangu?"

"Yamesimama pia. Wanasema hawajui mpaka lini."

Alichezea tasbihi yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na moyo unanidunda. Si kwa woga. Miaka sita hapana mtu aliyeniuliza jambo ambalo mimi peke yangu nnalijua.

"Kesho aje tena," tajiri alimwambia ami. "Kuna barua nyingine."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilipewa meza nyuma ya pazia, na mashine ya taipu iliyokuwa imefunikwa gunia tangu zama za baba yake tajiri. Herufi moja ilikuwa inakwama, nikaitia mafuta ya cherehani. Siku ya kwanza nilipoigonga na herufi zikatoka nyeusi, zimenyooka, nilizitazama kama mtu anayetazama jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Pazia langu lilikuwa upande mmoja, na upande wa pili kuna mlango wa kutokea uani, ambako ndiko kulikokuwa gereji. Nikiiita gereji nnaipamba. Ilikuwa ni kiwanja kitupu chini ya jabali, bila ya hata jani la kivuli, na jabali la Matrah linapopata jua linakurejeshea joto lote. Mafundi walikuwa wanne: ami, Wapemba wawili ndugu, na Mbulushi mmoja wa pale pale Matrah, aliyejifunza Kiswahili kwa hao Wapemba, akaanza na matusi. Spana walizifunga matambara ndipo wazishike.

Habari ya mgomo iliwaingia kuliko mpira. Jioni nyumbani nilikuwa nikisikiliza idhaa ya Kiswahili ya London, na mchana nnasoma barua za ofisi ya kiwanda inayouza magari nje, basi kila asubuhi nikipita uani wananingoja.

"Eh, bibi! Wa Amerika vipi leo?" Huyo Mpemba mdogo.

"Bado wamekaa nje. Wanazunguka mbele ya lango la kiwanda na mabango."

"Wanazunguka tu?"

"Wanazunguka, wanaimba. Hapana anayeingia."

"Lakini wanataka nini hasa?" akauliza kaka yake. "Amerika watu wana magari yao wenyewe, nimesikia. Mfanyakazi anakwenda kazini na gari lake!"

"Wanataka bei za vitu zikipanda, na mshahara upande. Na mtu akishafanya kazi miaka thelathini aruhusiwe kupumzika na pensheni yake, hata kama hajazeeka."

Ami alikuwa amelala chini ya lori. Spana ikanyamaza. Akajivuta nje taratibu, akakaa.

"Miaka thelathini," alisema. "Mimi nna ishirini na sita tangu nishike spana."

"Basi imekubakia minne, Ami!"

Walicheka mpaka Mbulushi akakaa juu ya tairi. Kisha akafuta macho, akauliza, "Na siku zote hizi wanakula nini?"

"Wana chama chao. Walikuwa wakichanga kila mwezi kabla ya shida. Sasa wanapewa kidogo kidogo."

Hapo hakucheka mtu. Mbulushi alijitazama mkono wake wa kulia. Mwezi uliopita mvuke wa rejeta ulimbabua kutoka kifundoni mpaka kwenye kiwiko. Alilala nyumbani siku nane, na kwa siku hizo nane hakulipwa kitu.

Basi ndani ya pazia nilikuwa nnasoma upande wa pili wa mambo. Barua za kiwanda zilikuja na maneno laini, lakini chini ya ulaini wake ulisikia kishindo cha nyumba inayotikisika. Kampuni inapoteza mali kila siku. Wauzaji wa magari wanalia. Viwanda vidogo vinavyouza vioo na matairi navyo vinafunga milango, kwa kuwa hapana wa kumuuzia. Nilimsomea tajiri yote hayo, naye anatikisa kichwa.

"Kampuni kubwa namna ile," alikuwa akisema. "Subhanallah."

Wiki ya tano au ya sita, lori letu moja likafa. Dereva mgeni alilizamisha mchangani Al Khuwair. Leo Al Khuwair ni wizara na maghorofa, mwanangu huenda kazini huko kila siku na analalamika foleni. Wakati ule kulikuwa na mchanga, miti ya miba na mbuzi. Yule dereva alikanyaga mafuta na klachi kwa pamoja, akalazimisha, akalazimisha, mpaka moshi ukatoka. Lori la pili lilikwenda kumvuta. Ami alipofungua, ile sahani ya klachi ilikuwa nyeusi, imeliwa mpaka chuma.

"Inataka mpya," alisema.

Mpya iko Amerika, na Amerika imefungwa. Niliandika telegramu Bombay, nikaandika Bahreni, nikaandika Kuwait. Wote walijibu mamoja: na sisi tunangoja.

Mkandarasi alikuja dukani akapiga kelele. Alipoondoka, tajiri alitoka mpaka uani, jambo asilolifanya mara nyingi, akasimama mbele ya mafundi.

"Kuanzia leo hapana Ijumaa," alisema. "Mtaswali, mtarejea. Na jioni hapana anayeondoka mpaka jua lizame. Lori hili litembee, lile lisisimame."

Hakungoja jibu. Alipita karibu na meza yangu akinong'ona na nafsi yake.

Asubuhi ya pili niliposhika mlango wa uani sikusikia nyundo. Niliwakuta wote wanne wamekaa kwenye mstari mmoja wa kivuli, chini ya ukuta, kivuli chenye upana wa miguu yao tu. Spana zimepangwa mbele yao juu ya gunia, safi, kubwa mpaka ndogo.

"Ami," nikasema. "Mna nini?"

"Tumeweka vyombo chini," alijibu, na uso wake ulikuwa mwekundu kama wa bwana harusi. "Nenda kamwambie tajiri. Mambo matatu. Ijumaa yetu irejee. Uani pawekwe kivuli, hata cha makuti. Na mtu akiumia kazini, alipwe siku za kuumwa."

"Ami, atawafukuza! Mtakwenda wapi?"

"Najua."

"Kurudi Unguja hakuna."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyewaambia hawa hilo, jana, kabla hatujakubaliana. Nenda kaseme."

Nitasema kweli: kifua changu kilikuwa kimejaa furaha isiyokuwa na adabu. Nilikuwa nimelihadithia jambo hili wiki tano kama kisa cha mbali, na sasa lipo uani, limekaa kwenye mstari, linanitazama.

Tajiri alipoelewa alisimama ghafla, kikombe kikaanguka.

"Ni wewe!" aliniambia. "Wewe umewaletea maradhi ya Amerika! Nimekuweka usome barua, umekwenda kuwasomea wao!"

"Sheikh, mimi..."

"Kawaambie waondoke. Wote. Leo hii."

Nikageuka. Nilifika mpaka kwenye pazia. Halafu nikarudi, na mpaka leo sijui nilipata wapi ulimi.

"Sheikh, nitakwenda kuwaambia. Lakini niruhusu nikuulize kitu kimoja. Wakishaondoka, nani atatengeneza lori?"

Aliinama akaokota kikombe.

"Kiwanda cha Amerika kina mali kuliko nchi nzima," niliendelea, na sauti yangu ilikuwa inapanda bila ya ruhusa yangu. "Nimekusomea barua zao kwa kinywa changu. Kimekaa wiki zote hizi hakitoi hata gari moja, kwa kuwa wale wanaozijua mashine wako nje ya lango. Wewe una mafundi wanne. Maskati nzima hakuna watano. Na hawakukuomba dhahabu. Wamekuomba makuti."

Karani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya daftari, kalamu haitembei.

"Makuti," alisema tajiri.

"Makuti, na Ijumaa. Na yule Mbulushi, Sheikh, umepata kuuona mkono wake?"

Alichukua bakora yake. Nilidhani anakwenda kuwapiga. Nikamfuata mpaka mlangoni, buibui linanikwaza. Alitembea mpaka katikati ya uani, juani, akasimama pale akiwatazama. Hapana aliyeinuka. Jua lilikuwa la saa nne, lile linaloanza kuuma. Alisimama hivyo dakika mbili, tatu, kisha akavuta tairi moja, akakaa juu yake. Akainuka papo hapo, maana mpira ulikuwa unaunguza, na Mpemba mdogo akashindwa kujizuia, akacheka kwa puani.

Tajiri alimtazama. Akageuza uso, na ndevu zake za hina zikaanza kutikisika.

"Haya," alisema. "Kivuli mtapata. Nimeelewa."

Alisogea akachuchumaa nao kwenye ule mstari wa ukuta, na hapo mazungumzo yakaanza ya kweli. Ami alijibu kwa Kiarabu chake, mimi nikijaza palipopungua. Ijumaa ilirejea bila ya taabu. Nafikiri aliona haya mwenyewe kwa kuigusa. Siku za kuumwa ndizo zilizotuweka.

"Mtu atasema anaumwa tumbo mwezi mzima!"

"Hatukusema tumbo," alisema ami. "Tumesema kuumia kazini."

"Nitajuaje kama kaumia hapa au kwake?"

Mbulushi alikunja mkono wa kanzu, akaunyoosha mkono wake mbele. Ngozi mpya ilikuwa nyororo na ya waridi, imevutika kama karatasi iliyorowa ikakauka. Tajiri aliushika. Aliugeuza huku na huku, kama mtu anayepima nguo.

"Hii ni ile siku ya rejeta?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Siku ngapi ulilala?"

"Nane."

"Karani!" aliita. "Mlipe huyu siku nane." Kisha akawatazama wengine. "Na ndivyo itakavyokuwa. Sasa nifanyieni lori langu."

Aliingia ndani. Halafu Wapemba wakarukiana, Mbulushi akapiga ukelele wa harusini, na ami, ami yangu mzito wa mwendo, akanishika mabega akanizungusha pale pale uani.

"Nipeni siku tatu," alisema alipopata pumzi. "Siku tatu tu, na Amerika wakae huko huko."

Nyuma ya soko kulikuwa na mkweche wa lori la kijeshi la Kiingereza, kuku wanalala ndani. Ami aliwanyang'anya kuku klachi yao. Ilikuwa kubwa kuliko yetu, lakini ule utando wake wa kushikia ulikuwa mzima. Akaubandua, akaukata kwa msumeno mduara wa kipimo chetu, akautoboa. Misumari ya kuufungia haikupatikana popote, basi akaenda kwa mfua shaba anayetengeneza mabirika ya kahawa. Yule mzee alimsikiliza, akacheka, akamfulia misumari midogo ya shaba thelathini na miwili, kila mmoja akiuviringisha kwa vidole kuona kama uko sawa. Siku ya pili makuti yaliletwa, na kazi ikamalizwa kivulini. Hata sauti ya nyundo ilikuwa nyingine.

Siku ya tatu, asubuhi, lori lilipakiwa mabati. Msimamizi wa ujenzi kule Hail alikuwa hajui Kiarabu, anajua Kiingereza, na kulikuwa na karatasi za kutiliana saini, kwa hiyo tajiri akasema niende. Nilimwambia mama nikitegemea vita. Alinitazama, akasema, "Funga mtandio vizuri, vumbi litakuharibu kichwa."

Nilikaa kati, ami kwenye usukani, Mbulushi mlangoni, Wapemba juu ya mabati. Ami alikanyaga klachi kama mtu anayekanyaga yai. Akatia gia. Akaachia.

Lori likaondoka.

Lo, makelele yaliyopigwa! Tulitoka Matrah watu wakitupungia, tukapanda mlima wa Ruwi injini ikinguruma chini ya miguu yangu, tukashuka wadi, tukatoka upande wa pili. Tulipofika Al Khuwair, kwenye mchanga ule ule uliotuua, ami alishika usukani kwa mikono miwili. Magurudumu yakaanza kuzama. Nilishika ukingo wa kiti. Alirudisha gia, akaliacha lori litafute njia yake polepole, bila ya kulilazimisha, na ile misumari ya mabirika ikashika. Ilishika! Tulitoka mchangani Wapemba wanapiga mabati kwa viganja kama ngoma, na mimi nnapiga ukelele dirishani, mtandio wenyewe umekwenda mgongoni, mbuzi wanakimbia.

Hail kulikuwa na kuta zilizofika kiunoni. Msimamizi alinionyesha kwa kidole: hapa darasa, hapa darasa, hapa ofisi ya mwalimu. Nilitia saini karatasi ya mapokezi kwa niaba ya duka. Ilikuwa saini yangu ya kwanza katika nchi hii, na niliiandika kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mgomo wa Amerika ulikwenda zaidi ya miezi miwili. Mwishowe telegramu ilikuja ya maneno machache: wamekubaliana, kazi imeanza, malori manne yatapakiwa kwa zamu. Wafanyakazi walikuwa wamepata sehemu kubwa ya walilolitaka. Nilitoka uani mbio, viatu nimeviacha chini ya meza.

"Wameshinda!" nikasema. "Jamani, wameshinda!"

"Na ile miaka thelathini?" aliuliza ami.

"Redio imesema nayo wamekubaliwa, ingawa kwa hatua."

Ami aliipangusa spana yake. "Hao sasa wamepumzika," alisema. "Alhamdulillah." Na aliisema kwa moyo, kama kwamba anawajua.

Tajiri aliniagiza nijibu telegramu: tumepokea habari, tunangoja malori, taja meli. Nilikuwa naandika, mara nikaona vichwa vinne mlangoni.

"Waambie hongera kutoka kwetu," alisema Mpemba mkubwa.

"Telegramu hulipiwa kwa neno," alisema tajiri bila ya kuinua macho.

"Neno langu nitalipa mimi," alisema Mbulushi.

Tajiri aliinua macho. Alimtazama Mbulushi, akautazama ule mkono. "Weka neno lao," aliniambia. "Duka litalipa."

Mwisho wa telegramu, baada ya habari za meli, niliandika kwa Kiingereza: mafundi Maskati wanasema hongera. Hayo si neno moja, ni manne, lakini hapana aliyehesabu.

Sikutegemea jibu. Ofisi ile ilikuwa ya makarani wa kampuni, watu wa upande wa pili. Lakini siku kumi baadaye telegramu ilikuja, jina la meli, bandari, tarehe ya kupakia, na mwishoni kabisa neno moja lisilokuwa na kazi pale: asanteni.

Nilimsomea tajiri yote. Aliniuliza neno lile la mwisho linahusu nini katika habari za meli.

"Halihusu meli, Sheikh. Ni la watu wa uani."

"Basi usikae nalo hapa," alisema. "Wapelekee."